Chakula kwa Kipimo, Mwendo kwa Hatua: Jinsi Mgonjwa Mahututi Anavyorejeshewa Nguvu

Mgonjwa mahututi ni mtu ambaye mapafu, moyo, figo, ubongo au kiungo kingine kinachobeba uhai kimeshindwa kufanya kazi yake au kimekaribia kushindwa, kiasi kwamba asipopewa msaada wa haraka na uangalizi wa karibu anaweza kufariki katika muda wa saa au siku chache. Katika Kanda ya Kati ya Tanzania, inayojumuisha mikoa ya Dodoma na Singida, watu hufikia hali hiyo kwa njia nyingi, zikiwamo malaria kali, homa ya mapafu, maambukizi yaliyosambaa katika damu, kifafa cha mimba, kiharusi, kisukari kisichodhibitiwa, majeraha ya moto, na ajali za magari na bodaboda katika barabara kuu zinazokutana Dodoma kutoka Morogoro, Iringa, Singida na Arusha.

Uwezo wa kuwaokoa wagonjwa hao umeongezeka katika miaka ya karibuni. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyoanza kazi mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, na mpango wa taifa wa mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliozinduliwa Oktoba 2021 kwa shilingi trilioni 1.3 uliwezesha, pamoja na mambo mengine, kujengwa kwa vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali za nchi. Hata hivyo mafanikio ya tiba hii bado hupimwa zaidi kwa swali moja tu, nalo ni kama mgonjwa alitoka hai au alifariki, ilhali aliyetoka hai anaweza kushindwa kuinuka kitandani, kubeba ndoo ya maji au kushika jembe kwa miezi mingi. Makala haya yanaeleza kwa nini nguvu hupotea kwa kasi hiyo, jinsi zinavyorejeshwa, na kwa nini chakula na mazoezi ya viungo yanastahili kuandikwa katika faili la mgonjwa kama dawa zilivyo, kwa kipimo chake na wakati wake.

Ugonjwa unavyokula misuli

Mtu mwenye afya akikaa bila kula kwa siku kadhaa, mwili wake hutumia kwanza akiba ya sukari iliyo katika ini, kisha huhamia kwenye mafuta, na misuli huachwa kadiri inavyowezekana. Mwili wa mgonjwa mahututi haufuati utaratibu huo. Homoni za kukabili hatari, kama adrenalini na kortisoli, pamoja na kemikali ambazo kinga ya mwili huzitoa inapopambana na vijidudu au jeraha, huvunja protini ya misuli kuwa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, ili ini livitumie kutengeneza sukari na protini za kujilinda. Wakati huohuo insulini, ambayo ni homoni inayoingiza sukari katika seli, hupungukiwa na nguvu, na ndiyo sababu sukari ya damu huweza kupanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Kulala bila kujongea huongeza hasara, kwa kuwa msuli usiotumika hupoteza protini hata kama mwenyewe hana ugonjwa wowote.

Kasi ya upotevu huu imepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa London kwa wagonjwa 63, ulionyesha kwa kipimo cha ultrasaundi kwamba ukubwa wa msuli wa mbele ya paja ulipungua kwa wastani wa karibu asilimia 18 katika siku 10 za kwanza, na kwamba waliopoteza zaidi ni wale ambao viungo vyao vingi vilishindwa kwa pamoja. Kiwambo, ambacho ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo na unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa, nacho hukonda mgonjwa anapopumuliwa na mashine, na hivyo kumwachisha mashine huwa kugumu kadiri siku zinavyosonga.

Matokeo ya muda mrefu yalibainishwa Toronto, Kanada, ambako watafiti waliwafuatilia watu 109 walionusurika baada ya mapafu yao kushindwa ghafla. Ripoti yao ya mwaka 2003 ilieleza kwamba walipokuwa wakitoka katika chumba cha wagonjwa mahututi walikuwa wamepoteza asilimia 18 ya uzito wao, na kwamba baada ya mwaka mmoja umbali walioweza kutembea kwa dakika sita ulikuwa asilimia 66 tu ya ule uliotarajiwa kwa watu wa umri na umbo lao, ingawa mapafu ya wengi wao yalikuwa yamepona kwa kiasi kikubwa. Hata baada ya miaka mitano umbali huo ulikuwa umefikia asilimia 76. Katika uwanda ambao mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ambako mashamba mengi hulimwa kwa mikono, udhaifu wa namna hiyo una maana ya msimu mzima uliopotea, na wakati mwingine njaa kwa kaya yote.

Kulisha mapema, kupandisha polepole

Dhana moja iliyoenea inahitaji kusahihishwa kwanza, nayo ni kwamba mgonjwa aliyetundikiwa dripu amekwisha kulishwa. Dripu ya maji ya chumvi haina nguvu yoyote ya chakula, na lita moja ya dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, ambazo hazizidi kilokalori 200, bila protini hata kidogo. Kilokalori ni kipimo cha nguvu inayopatikana katika chakula, na mtu mzima wa kilo 60 aliyelala kitandani huhitaji takribani kilokalori 1,500 kwa siku. Kwa hiyo mgonjwa anayekaa juma zima kwa dripu tu amefunga juma zima, katika wakati uleule ambao misuli yake inaliwa.

Mgonjwa asiyeweza kumeza hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani hadi tumboni. Miongozo ya kitaalamu ya Ulaya inashauri ulishaji huo uanze ndani ya saa 48 tangu mgonjwa alazwe, mradi shinikizo la damu limetulia na utumbo unafanya kazi, kwa sababu chakula kinachopita tumboni hulisha pia ukuta wa utumbo wenyewe, ambao ni ngao inayozuia vijidudu kuingia katika damu. Chakula cha kuingizwa kwa mshipa kipo, lakini ni ghali, kinahitaji usafi na vipimo vya maabara vya mara kwa mara, na hutumiwa pale tu ambapo njia ya tumbo haiwezekani au haitoshi.

Kuanza mapema hakumaanishi kulisha kwa wingi. Utafiti mkubwa wa Ubelgiji wa mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa 4,640, uligundua kwamba wale ambao chakula chao cha tumboni hakikukamilishwa haraka kwa chakula cha mshipa walipata maambukizi machache na walitoka mapema kuliko waliokamilishiwa tangu siku za mwanzo. Mwaka 2023 utafiti wa nchi mbalimbali kwa wagonjwa 1,301 ulionyesha kwamba kuongeza protini hadi gramu 2.2 au zaidi kwa kila kilo ya uzito kwa siku hakukuharakisha kupona, na kwa wenye figo zilizoumia kulionekana kuleta madhara. Sababu ni kwamba katika siku za kwanza mwili bado unajitengenezea sukari kutoka katika akiba yake, na chakula kingi kinachoongezwa juu ya hiyo huishia kuwa mzigo kwa ini, figo na mapafu. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni kuanza na kiasi kidogo, kupandisha hatua kwa hatua ili kufikia mahitaji kamili kati ya siku ya tatu na ya saba, na kulenga protini ya gramu 1.3 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku.

Upo pia mtego unaoweza kuua, ambao wataalamu wa lishe huuogopa zaidi kwa mgonjwa aliyefika hospitalini akiwa tayari amekonda. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu huwa umepungukiwa na madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1. Chakula kingi chenye wanga kikiingia ghafla, insulini hupanda na kuyavuta madini hayo kutoka katika damu kuyaingiza katika seli, damu inabaki bila madini ya kutosha, na moyo unaweza kubadilisha mapigo au kusimama. Hatari hii inawahusu wengi katika Kanda ya Kati, hasa wanaougua kifua kikuu au UKIMWI uliochelewa kutibiwa, wazee wanaoishi peke yao, na wale wanaolazwa katika miezi ya kabla ya mavuno wakati ghala ziko tupu. Kinga yake ni kutoa thiamini kabla ya chakula au pamoja nacho, kuanza na sehemu ndogo ya mahitaji, kupima madini pale maabara inaporuhusu, na kupandisha kwa siku kadhaa.

Kanuni hiyo si ngeni kwa wauguzi wa Tanzania, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika wodi za watoto wenye utapiamlo mkali. Mtoto huanza kwa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100 na protini kidogo, hadi mwili utulie na hamu ya kula irudi, kisha huhamishiwa kwenye F-100 au chakula dawa cha karanga ili aongezeke uzito. Maarifa hayo yakivushwa kutoka wodi ya watoto hadi wodi ya watu wazima, hospitali ya wilaya itakuwa imepiga hatua kubwa bila kununua mashine yoyote.

Akiba iliyomo katika mashamba ya Kanda ya Kati

Mchanganyiko maalumu wa viwandani wa kulishia kwa mpira ni ghali na haupatikani kila mahali, kwa hiyo wagonjwa wengi hulishwa uji, maziwa, supu na juisi zinazoletwa na ndugu. Tatizo la vyakula hivyo huwa ni wepesi wake, kwani uji unaopita katika mpira lazima uwe wa majimaji, na uji wa majimaji hujaza tumbo huku ukiwa na nguvu kidogo na protini kidogo zaidi. Hii ni kwa sababu wanga ukipikwa hufyonza maji na kuvimba, hivyo unga kidogo tu hutosha kuufanya uji kuwa mzito.

Jibu moja la tatizo hilo lilichunguzwa Tanzania katika miaka ya 1980, pale watafiti A. C. Mosha na Ulf Svanberg walipochunguza kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa, kwa ajili ya uji wa watoto, na kuujaribu uji huo pia katika kijiji cha Luganga mkoani Iringa. Punje ya mtama, uwele au ulezi inapoota hutoa kimeng'enya cha amilasi, ambacho hukata minyororo mirefu ya wanga, na kijiko kidogo cha kimea kikikorogwa katika uji mzito ulio moto bila kuchemka, uji huo huwa mwepesi ndani ya dakika chache ingawa unga wake ni uleule. Kwa njia hiyo kiasi kilekile cha uji hubeba nguvu maradufu au zaidi, jambo lenye faida kwa mtoto, kwa anayelishwa kwa mpira na kwa dhaifu anayechoka baada ya vijiko vitano. Kimea kinafahamika vizuri katika uwanda huu kwa kutengenezea togwa na pombe ya kienyeji, lakini matumizi yake kwa mgonjwa yana masharti mawili: machipukizi na vimizizi vya mtama lazima vipukuswe baada ya kukauka, kwa sababu vina kemikali inayoweza kuzalisha sumu ya sianidi, na uji lazima uchemshwe tena baada ya kutiwa kimea ili kuua vijidudu.

Nafaka peke yake haitoshi. Protini ya mtama ina upungufu wa laisini, ambayo ni mojawapo ya asidi amino zisizoweza kutengenezwa na mwili, na sehemu yake huwa ngumu kumeng'enywa baada ya kupikwa. Upungufu huo huzibwa na kunde, choroko, maharage na njugu mawe, na huzibwa vizuri zaidi na maziwa, mayai, nyama na dagaa, vyakula ambavyo jamii za wafugaji wa Ugogo na wakulima wa Singida na Kondoa wanavijua tangu zamani. Karanga zina karibu gramu 25 za protini katika kila gramu 100 na mafuta mengi, na kijiko cha mafuta ya alizeti, zao kuu la biashara la Singida, huongeza zaidi ya kilokalori 100 bila kuongeza ukubwa wa mlo.

Hesabu inaonyesha kwamba lengo linafikika. Mtu wa kilo 60 anayehitaji gramu 78 hivi za protini kwa siku huweza kupata gramu 33 katika lita moja ya maziwa, gramu 12 katika mayai mawili, gramu 13 katika gramu 50 za karanga zilizosagwa, na zilizobaki katika bakuli la maharage pamoja na uji au ugali wa mtama. Mlenda na mboga nyingine za majani huongeza madini, na unga wa ubuyu huleta vitamini C, lakini havichukui nafasi ya protini, na supu isiyo na nyama yenyewe ni maji yenye ladha zaidi kuliko chakula. Vipimo hivi ni vya mgonjwa aliyekwisha kutulia na asiye na ugonjwa wa figo, kwani wenye figo dhaifu na wenye kisukari hupangiwa na daktari au afisa lishe kwa namna yao.

Mwendo kama sehemu ya tiba

Protini inayoingia mwilini hugeuka msuli pale msuli unapoamrishwa kufanya kazi, na kwa hiyo lishe bila mwendo huishia kuongeza mafuta. Huduma za utengamao, yaani huduma zinazomrudishia mtu uwezo wa kujitegemea baada ya ugonjwa au ajali, huanza kitandani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusu wagonjwa 104 waliokuwa wakipumuliwa na mashine, ulionyesha kwamba asilimia 59 ya waliofanyishwa mazoezi mapema walitoka wakiweza kujihudumia, wakilinganishwa na asilimia 35 ya wenzao. Hata hapa kiasi kina umuhimu wake, kwani utafiti mwingine wa mwaka 2022 kwa wagonjwa 750 haukuona faida ya kuwasukuma wagonjwa kufanya mazoezi makubwa kuliko kawaida, na madhara kama mapigo ya moyo kuvurugika yaliongezeka.

Utaratibu unaokubalika hupanda kwa hatua. Mgonjwa asiye na fahamu hugeuzwa ubavu kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgandamizo, na viungo vyake hukunjwa na kunyooshwa ili visikaze. Anapopata fahamu huanza kukaza misuli mwenyewe na kuvuta pumzi ndefu, kisha hukaa ukingoni mwa kitanda, huhamia kitini, husimama kwa kushikwa na mwishowe hutembea, na kila hatua husitishwa mapigo ya moyo yakienda mbio kupita kiasi, pumzi ikibana au kizunguzungu kikija. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayepanga hatua hizo, lakini kwa kuwa wataalamu hao ni wachache, sehemu kubwa ya kazi huweza kufanywa na wauguzi na ndugu waliofundishwa.

Kumeza nako ni kazi ya misuli. Mgonjwa aliyewekewa mpira wa kupumulia kooni huweza kuondolewa mpira huo akiwa bado hawezi kumeza salama, na uji ukipotea njia huingia katika mapafu na kuleta nimonia. Kwa sababu hiyo hujaribiwa kwanza kwa kijiko cha maji akiwa ameketi wima mbele ya muuguzi, na anayelishwa kwa mpira huinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 30 hadi 45, baada ya muuguzi kuhakikisha kwamba mpira bado uko tumboni. Ndugu hapaswi kumlisha mgonjwa wa namna hiyo kwa siri kwa huruma, hata anapoona kwamba ana njaa.

Kutoka wodini hadi nyumbani

Ni rahisi kudhani kwamba mambo haya yanahusu vyumba vichache vyenye mashine, lakini takwimu zinakataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, uligundua kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, kwamba asilimia 69 ya wagonjwa hao walikuwa katika wodi za kawaida, na kwamba mmoja kati ya watano alifariki ndani ya siku saba. Kwa hiyo lishe na utengamao wa mgonjwa mahututi ni kazi ya kila wodi, kuanzia hospitali ya kanda jijini Dodoma hadi hospitali za misheni kama Mvumi na Itigi.

Katika wodi hizo ndugu anayemuuguza mgonjwa ndiye mpishi wake, mlishaji wake na mara nyingi mwegemeo wake anaposimama. Mfumo unaomwona ndugu huyo kama mgeni wa saa za kutazama wagonjwa hujinyima mhudumu wa bure, ilhali ule unaomfundisha kunawa mikono, kupika uji wa kimea wenye karanga na maziwa, kuandika alichokula mgonjwa na kumnyoosha viungo, hupata mtu atakayeendeleza kazi hiyo nyumbani. Nyumbani ndiko sehemu ndefu zaidi ya uponaji ilipo, kwani hamu ya kula inaporudi, mwili hudai chakula kingi kuliko uliokuwa ukidai kabla ya ugonjwa, na ndipo milo midogo mitano au sita kwa siku, yenye protini katika kila mlo, huanza kujenga kilichobomoka. Familia inapaswa kujua pia kwamba usahaulifu, ndoto za kutisha, huzuni na uchovu wa miezi ni matokeo yanayofahamika ya ugonjwa mahututi, na kwamba hayatokani na uvivu wala ulozi.

Yanayohitajika ili haya yatendeke ni ya gharama ndogo. Mgonjwa apimwe uzito au mduara wa mkono wa juu anapolazwa na kila juma, na faili lake lionyeshe siku alipoanza kulishwa, kiasi alichopewa, kiasi alichokula kweli na hatua ya mwendo aliyofikia. Anaporuhusiwa, apewe mpango wa chakula na mazoezi kwa maandishi pamoja na tarehe ya kurudi kliniki, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwake apewe taarifa ili amfuatilie, akimpima kwa vipimo rahisi kama kuinuka kitini bila kujishika na kutembea kwa dakika sita. Hospitali itakayoanza kuhesabu waliorudi shambani, sokoni na shuleni, pamoja na kuhesabu waliotoka hai, itagundua upesi mahali ambapo nguvu za wagonjwa wake zinapotelea, na itakuwa na sababu ya kumpa afisa lishe na mtaalamu wa fiziotherapia nafasi sawa na ya daktari katika mzunguko wa asubuhi wa wodi.